Uzito wa Kusubiri

Agosti, Hombolo. Upepo umekausha hata mate.
Kreti zimepangwa mbele ya mizani tangu alfajiri.
Nyemo, karani, ameandika namba ya mkulima,
amebonyeza, amekunja mikono.
Duara linazunguka kwenye skrini.
Linazunguka.
Sekunde arobaini na moja. Nimezihesabu
nikiwa nimesimama nyuma yake
kama mkwe asiyekaribishwa kiti.

Maana mfumo ni wangu. Niliuandika mjini, Area C,
chini ya feni, kwa wakulima thelathini wa kubuni:
Jaribio Moja, Jaribio Mbili, Jaribio Tatu,
watu wasio na jasho, wasiodaiwa dawa ya ukungu,
na kila ukurasa ulifunguka kabla sijameza chai.
Nikasema kazi imeisha. Nikalipwa.

Leo wapo elfu sita, na stakabadhi milioni mbili,
na ili kumpata Ndahani Chidawali
kanzidata inabisha hodi nyumba kwa nyumba
tangu stakabadhi ya kwanza kabisa.
Ndahani yupo? Hayupo.
Ndahani yupo? Hayupo.
Hata ikimpata haikomi, inakwenda hadi mwisho wa kijiji,
isije ikawa ana mji mwingine.

"Kwani ni mtandao?" akauliza Ndahani mwenyewe.
Ningeweza kusema ndiyo.
Mtandao hubeba lawama nyingi na haujawahi kukana.
Lakini hakuwa ananitazama mimi, alitazama zabibu.
Watu mia na kumi walimtangulia,
kila mmoja na sekunde zake arobaini na moja,
na kreti yake ya juu ilishaanza kusinyaa vikonyoni.
"Nyumbani ilikuwa kilo ishirini na mbili."
Mizani ikasema ishirini na moja na robo.

Robo tatu ya kilo imeondoka na upepo
swali langu likitafuta jibu.
Chuoni walinifundisha kupima sekunde.
Hawakuniambia zina uzito.

Saa nne usiku, nyumba ya wageni, ugali umepoa,
nikafungua kumbukumbu za seva
nikaisoma aibu yangu mstari kwa mstari:
kwa kila kreti nimeituma upya dukani.
Nenda kalete chumvi. Imerudi.
Nenda kalete kiberiti. Imerudi.
Nenda kalete mafuta ya taa.
Mtoto wa nani angevumilia?
Mama yangu alinipa kikapu na orodha, mara moja,
na chenji akaihesabu.

Basi nikaifundisha kubeba kikapu.
Kisha nikaandika mstari mmoja wa faharasa,
namba ya mkulima, halafu tarehe,
kama zile kurasa za nyuma za kitabu cha nyimbo:
kanisani hakuna anayeimba nyimbo mia tatu
ili aufikie wa mia tatu na moja.
Seva ni ileile. Sikununua kitu.
Ila faharasa nayo hula:
kila kreti mpya sasa huandikwa mara mbili,
daftarini na kwenye orodha.
Nikapiga hesabu, nikalikubali deni.

Asubuhi Nyemo akabonyeza, akakunja mikono,
jina likawa limeshafika.
Akaikunjua, asijue aiweke wapi.

Foleni ikatembea. Hakuna aliyepiga makofi.
Ndahani akaja na kreti zake tano zilizobaki,
zina umande bado,
akatazama skrini, akatazama juu angani.
"Leo mtandao mzuri."
Mzuri, mama, nikajibu.

Ile robo tatu ya jana
sijui niiandike kwenye safu gani.